Unafanya kazi reli Marekani halafu mama yako analipa nauli? Haya najibu

Haya jamani mambo vipi, karibuni tena. Leo niko ndani ya gari, paking ya kituo, shifti yangu inaanza saa kumi jioni kwa hiyo nitaongea harakaharaka. Hii video sikuipanga ila swali limezidi. Tangu niposti ile klipu ya mama yuko kwenye treni hapa Chicago komenti ni zile zile, "dada wewe si unafanya kazi reli, mbona mama kalipa nauli?", mwingine kaandika "ubahili mpaka kwa mzazi", na baba yangu mdogo kaitupia kwenye grupu la familia bila hata kunipigia simu kwanza. Baba mdogo shikamoo, najua utaiona na hii.

Kabla sijaanza, sijaja kuringa kwamba napanda bure na wala sijaja kulia kwamba Marekani pagumu. Nimeulizwa, najibu.

Kweli pasi ya kupanda treni bure ninayo. Mimi, mume wangu na watoto. Sisi tuliokulia kota za reli Tabora pasi tunaijua, mzee wangu alikuwa fundi wa breki, likizo ikifika anachukua karatasi yake ofisini tunapanda wote mpaka Dar, mama, watoto na binamu wawili ambao siku hiyo wanageuka watoto wake wa kuzaa. Nilivyopata hii kazi nikajua itakuwa vile vile. Weee.

Fomu ya familia kurasa sita. Cheti cha ndoa wakakirudisha, kisa jina langu kwenye cheti lina herufi moja zaidi ya iliyoko kwenye pasipoti, basi nikaanza kuhangaika na kiapo cha wakili huko nyumbani, kukituma, kukisubiri, hela iliyotoka hapo ningenunua tiketi za mwezi mzima nikanyamaza zangu. Nikafika sehemu ya wategemezi nikaandika jina la mama. Dada wa ofisini akachukua kalamu nyekundu, akalipiga mstari, hata macho hakuinua.

Kisa ni kodi. Sheria ya kodi ya serikali kuu inasema mfanyakazi wa reli akipanda bure, yeye na mwenzi wake na watoto wanaomtegemea, hiyo haihesabiwi mshahara, hukatwi. Wazazi hawamo. Na hapa ndipo panaponiuma, kwenye ndege wazazi wamo! Sheria ile ile! Rafiki yangu anafanya kazi kwenye ndege, mama yake anaruka bure na kodi hakatwi hata senti. Kwangu mimi, ofisi ikaamua haitaki usumbufu wa kuhesabu safari za mama kama mshahara wangu, ikamfuta.

Sasa wajuaji mnasema "si uende mahakama za jimbo, Illinois ina sheria zake". Ndugu zangu, hapa ni kama kwetu, kuna mambo ya muungano na yasiyo ya muungano. Treni ikishavuka mpaka wa jimbo, Washington, yaani serikali kuu, ndiyo inaongea. Na pasi za bure zimepiganiwa hapa zamani sana, kuna mzee kazini kwetu anajua kila kesi ya reli, alinisimulia nikaenda kuisoma mwenyewe.

Mwaka 1871 huko Kentucky, mtu na mkewe, Erasmus na Annie Mottley, treni ziligongana wakaumia. Kampuni ya reli ya Louisville and Nashville ikawaambia msitudai fidia, tutawapa pasi ya bure maisha yenu yote. Wakakubali, wakapanda miaka thelathini na kitu. Tatizo reli zilikuwa zinagawa pasi kama pipi, wanasiasa wanapanda bure halafu unategemea watunge sheria ya kuibana reli? Majimbo mengine yalishastuka, katiba ya California ya 1879 na ya New York ya 1894 zilisema kiongozi wa umma akipokea pasi, cheo kinaondoka. Ila katiba ya jimbo inaishia mpakani. Ndiyo Washington ikaleta sheria ya Hepburn ya 1906, kuanzia Januari 1907 ikawa hakuna tena pasi ya bure ya kuvuka majimbo isipokuwa kwa waliotajwa, wafanyakazi na familia zao, wahubiri, mpaka vijana wanaouza magazeti ndani ya treni. Faini ilikuwa dola 100 mpaka 2,000, na siyo kampuni tu, hata aliyepanda.

Kina Mottley wakanyimwa. Wakaenda mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, wakashinda, 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawaambia mlikosea mlango, nyie mnadai mkataba, sheria ya Washington ni utetezi wa kampuni tu, nendeni mahakama za jimbo. Wakaanza upya Kentucky, wakashinda tena! Kampuni ikakata rufaa Washington, 1911 ikaamuliwa mkataba hata uwe wa zamani vipi hauizidi sheria ya Bunge. Pasi ikafia hapo.

Sasa watu wamelipa kwa mifupa yao, karatasi wanayo, wamenyang'anywa. Mimi na herufi yangu ya ziada nianzie wapi?

Lakini hii ni kwangu mimi, sijui kwako. Kila kampuni na utaratibu wake, nyingine ni za mizigo tu hata behewa la abiria hakuna, kaulize ofisini kwenu, usije ukasema yule dada wa Tabora alisema. Na pasi usimwazime mtu, hata shemeji.

Siku ile ya klipu nilikuwa kazini. Tiketi ya mama nilinunua mimi kwa hela yangu, kwenye simu yangu ya zamani, kaishika kwa mikono miwili kama kabebeshwa bakuli la mchuzi wa moto. Nimefika siti yake, nimevaa yunifomu, abiria wananiangalia, nikaskani.

"Hata mimi mwanangu?"

"Hata wewe mama."

Akanitazama weee, halafu akacheka. "Baba yako angeshuka."

Haya, saa kumi kasorobo hiyo, ngoja niingie.