Lenzi ya Mnara wa Taa Haikaguliwi kwa Kung'aa

Haya jamani tuendelee, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo. Mtu akipanda mnara wa taa kwa ukaguzi, kitu cha kwanza anaangalia kama lenzi inang'aa, na ikiwa safi anaridhika anashuka. Kha! Kioo safi kinaweza kabisa kuwa kinawaangazia ndege.

Chukua lenzi kubwa za Fresnel, zile zilizoundwa kwa vipande vingi vya kioo vinavyopinda mwanga, yaani prizimu, na hasa zile za daraja la kwanza, toka kwenye taa mpaka kwenye kioo ni milimita 920. Sasa taa ikae chini ya mahali pake kwa sentimita moja tu, mwali unapanda zaidi ya nusu digrii, na meli ikiwa kilomita 30 huko baharini, katikati ya mwali inapita mita mia tatu na kitu juu ya nahodha. Zamani utambi ulikuwa na moto mrefu, mwanga unatawanyika, kwa hiyo kosa dogo lilijificha. Leo mtu anafunga LED kadogo kwenye lenzi ileile ya zamani, mwali unakuwa mwembamba, na hapo kosa halina pa kujificha.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama, unazima taa mchana, unaweka jicho palepale moto unapokaa, halafu unatazama nje kupitia prizimu mojamoja. Kila moja inatakiwa ikuonyeshe upeo wa bahari. Ikikuonyesha mawingu basi ujue usiku mwanga wake unaenda hukohuko mawinguni, maana njia ya mwanga ni ileile kwenda na kurudi. Mwaka 1860 George Airy, mwanaastronomia mkuu wa Uingereza, alikagua hivi pale Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, minara bado mipya, akakuta prizimu hazijaelekezwa sawa. Na Michael Faraday mwenyewe, yule mwanasayansi wa umeme, alikuwa mshauri wa sayansi wa Trinity House, shirika la minara ya taa ya Uingereza, tangu 1836! Yaani wataalamu walikuwepo, ila lenzi ilikuwa haijapimwa ikiwa juu ya mnara wake.

Baada ya hapo ndo uangalie nyufa, pati inayoshikilia vioo kama imebanduka, plastiki iliyogeuka njano kwenye lenzi za plastiki, na upime kwa saa mpigo wa taa, yaani inavyowaka na kuzima, kwa sababu nahodha anautambua mnara kwa mpigo wake. Fotometa, kile kipima mwanga, nayo ni nzuri lakini ipeleke mbali, ukipima karibu na lenzi namba zinadanganya, mwali haujajikusanya bado. Na mapazia ya mchana msiyadharau, jua likiingia kwenye lenzi ile linakusanyika kwenye taa na kuichoma.

Maswali?