Mdomo wa Ali haukuwa tatizo

Jamani, wanaonijua hii wameshaisikia mpaka wamechoka, mtanivumilia. Kila semina ya vijana siku hizi ni "jishusheni, jishusheni", basi kijana anatoka pale anaongea kwa kunong'ona, kichwa kakiinamisha, mimi sina kitu mimi si lolote, anadhani tayari kawa mnyenyekevu. Hapana bwana. Kiburi kinachomaliza watu mimi nakiona pale mtu anapogoma kubadilika kwa sababu watu wanamwangalia.

Twende Kinshasa, 30 Oktoba 1974, alfajiri, pambano la ngumi la ubingwa wa dunia, Muhammad Ali na bingwa George Foreman. Nani alishinda mnajua, nataka mtazame raundi mbili za mwanzo tu. Ali kabla ya pambano alikuwa anatamba kwamba atacheza, atazunguka ulingo mzima, Foreman abaki anapiga hewa. Na Foreman hakuwa wa mchezo, miaka 25, mapambano 40 hajapoteza hata moja, 37 kwa nokauti! Raundi ya kwanza Ali akaanza kwa kasi, akamtandika ngumi za kulia, lakini jamaa anamkatia njia, Ali anazunguka sana mwenzake anapiga hatua chache tu kashamfikia. Akaona nikiendelea hivi miguu itaisha mapema, na yeye ana miaka 32. Raundi ya pili huyooo, kaenda mwenyewe kwenye kamba, kaegemea, mikono usoni, haya nipige. Kona yake inachanganyikiwa, kocha wake Angelo Dundee anapiga kelele atoke kwenye kamba. Hebu fikiria, wewe ndiye uliyetangazia dunia kwamba utacheza, zimepita dakika tatu tu umesimama unatwangwa kama mahindi kwenye kinu, uwanja mzima unaona. Akakubali aonekane anashindwa. Foreman akapiga, akapiga, mikono ikawa mizito, raundi ya nane yuko chini.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, mwalimu, huyu aliyejiita bora kuliko wote ndiyo mfano wa unyenyekevu? Ndiyo, huyohuyo. Mdomo ulikuwa biashara, ulijaza viwanja. Kwenye kazi yenyewe alisikiliza alichokiona. Sasa kuna watu wapole balaa, hata salamu hawaitikii kwa sauti, ila mwambie mgahawa wako umekaa pabaya, hamia karibu na stendi, atakununia mwezi mzima. Kisa? Alishaweka status WhatsApp, mama mkwe alishaambiwa, ataanzaje kusema anahama? Basi anakomaa palepale, kodi inamtafuna, mpaka anauza friji na viti. Na mtamsifu, jamani yule kaka mstaarabu, hana makuu!

Tena Foreman mwenyewe ndiyo funzo. Baada ya kupigwa akaja na visingizio, mara kamba zililegea, mara refa kahesabu haraka, mara maji yake yaliwekwa dawa. 1977 akaacha ngumi, akawa mhubiri. Akarudi 1987, mnene, kichwa kipara, watu wanamcheka na yeye anacheka nao, anajitania mwenyewe kuhusu baga anazokula, anapigana na watu ambao hata majina yao hamyajui. 5 Novemba 1994, Las Vegas, ana miaka 45, akamwangusha bingwa wa wakati ule, Michael Moorer, raundi ya 10, ubingwa wa dunia ukarudi. Na mnajua alivaa nini? Bukta ileile nyekundu aliyopigiwa Kinshasa. Angekuwa bado na kinyongo cha zile kamba, ile bukta angeshaichoma moto zamani.

Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa Kenya, naye alikubali kubadilika, nilitaka nimweleze vizuri, bingwa wa dunia mita 5,000 mwaka 2003, halafu 2012 anakosa hata timu ya Kenya ya Olimpiki, mwaka uliofuata yuko Hamburg anaanza marathon. Mengine mnayajua, na MC ananionyesha saa kwa macho makali. Haya, dada wa nyuma kule alinyoosha mkono tangu kwenye habari ya mgahawa, mpeni maiki, naona hajafurahi.