Natembea kwenye mizabibu ya Lavaux, Uswisi. Mama, hii ni yako

Shikamoo mama. Najua umekaa hapo barazani Temeke na simu ya dada mkononi, kwa hiyo leo naanza na wewe. Na ninyi wengine wote wa Dar, habari za huko? Karibuni tena. Leo hatupo mjini. Ngoja nigeuze kamera... Mnaona?

Hapa panaitwa Lavaux, kando ya Ziwa Léman. Asubuhi nilishuka kwenye treni Saint-Saphorin, natembea kuelekea Cully, ziwa liko mkono wangu wa kushoto. Milima ile ng'ambo, yenye theluji kileleni, ni Ufaransa. Na hii njano yote, kuanzia kule juu hadi karibu na maji, ni mizabibu.

Wengi huniuliza vuli ya huku ikoje, maana kwetu vuli ni mvua, ni Msimbazi kuanza kututia wasiwasi. Huku ndiyo majira ya majani kupukutika. Ukitaka kuielewa rangi hii, ukumbuke mkungu wa uani kwenu: jani linageuka jekundu mtini, kisha asubuhi unalikuta chini, unafagia. Sasa fikiria mlima mzima unafanya hivyo kwa pamoja. Mizabibu mingi hapa ni ya Chasselas, zabibu nyeupe, na majani yake yanakuwa ya njano kama bizari. Pale mnapoona wekundu ni zabibu nyekundu. Mavuno yamekwisha, vimebaki vichala vichache vilivyosahaulika chini ya majani.

Tazameni kuta hizi. Watawa ndio walioanza kuupanga mlima huu ngazi kwa ngazi, karne ya 11 na ya 12, na tangu hapo watu wamekuwa wakijenga na kukarabati jiwe juu ya jiwe. Ukiziunganisha kuta zote zinazidi kilomita 400. Yaani unatoka Kariakoo unakaribia kufika Dodoma, ni ukuta tu. Wenyeji wanasema mzabibu wa hapa unaota majua matatu: la angani, lile linalopiga ziwani na kurudi, na la tatu ni joto ambalo mawe yamelihifadhi tangu mchana. Sasa hivi ni saa tisa, hewa ni ya baridi, nimevaa koti, lakini nikiweka kiganja hapa ukutani... jiwe lina uvuguvugu, kama sufuria iliyoepuliwa muda kidogo. Nimefurahi sana kulishika.

Na jambo hili naomba mlisikilize. Mahali pazuri hivi, penye ziwa na milima, kila mwenye fedha angependa kujenga nyumba. Mwaka 1977 wananchi wa jimbo hili la Vaud walipiga kura, wakaamua ulinzi wa Lavaux uingie kwenye katiba ya jimbo. Ni kura zao zilizoibakiza mizabibu hii. Mwaka 2007 ndipo ilipoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ambako Kilwa Kisiwani yetu na Mji Mkongwe walishatangulia.

Mnaonifuatilia tangu zamani mnajua mama yangu aliuza zabibu Kariakoo. Zabibu za Dodoma. Mzigo ukiingia usiku tulikesha kuchambua, mimi na dada, zilizopasuka tunaweka kando, kwa sababu kwa joto la Dar moja tu iliyopasuka inaozesha boksi zima. Kuna safari gari liliharibika njiani, mzigo ukafika siku ya pili, maboksi yanachuruzika. Mama hakusema neno. Alichagua zilizopona, akaziosha, akawagawia watoto wa mtaa mzima. Usiku nikamsikia anahesabu deni kwa sauti ya chini, akidhani tumelala.

Ndiyo maana mimi, ambaye mvinyo sinywi, kila mwaka majani yakigeuka nakuja hapa.

Kabla sijafika Epesses nimemkuta mzee anarudishia mawe ya ukuta uliobomoka. Nikamsalimu, tukaongea. Nikamwambia kwetu Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Akaweka nyundo chini, akanitazama, akauliza: "Na mzabibu wenu unalala lini?"

Maana wa huku unalala. Ukishapukutisha majani haya, baridi nzima unasimama mkavu kama kuni, hadi joto lirudi. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Nilimweleza kwamba Dodoma mkulima ndiye anayeupangia mzabibu majira yake, kwa mkasi: akishaukata matawi, unachipua upya na safari ya mavuno mengine inaanza. Mzee akatikisa kichwa polepole, kwa heshima kabisa, kisha akarudi kwenye mawe yake.

Nimetembea na swali lile hadi hapa. Mama, msimu wa kwanza na wa pili, miaka yote ile, sikumbuki kukuona umelala mchana hata mara moja.

Sasa nina ombi. Wakulima wa Hombolo, Mpunguzi, Makutupora, kama mnanisikia, mniandikie hapo chini: mkishavuna, mnaupumzisha mzabibu kwa muda gani kabla ya kuukata tena? Mzee alitaka kujua kwa undani na mimi sikuwa na jibu kamili. Jumamosi narudi, ukuta wake bado haujaisha, nitamkuta.

Mama, nimekuokotea jani moja. Hili hapa, liangalie lilivyo na mishipa. Naliweka kwenye daftari. Mwezi wa kumi na mbili nikija utalishika mwenyewe. Kituo cha Cully ni pale chini, na treni ile naiona inakuja. Ngoja nikimbie.