Seva Imeganda? Usiizime Kwanza: Kutafuta Mipaka ya Kumbukumbu Ndani ya Kerneli

Karibu mtazamaji. Leo tunashughulikia seva ya Linux iliyoganda. Haijazimika. Ukiipigia ping, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza kama ipo, inajibu, tena haraka, lakini ukijaribu kuingia kwa SSH, njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali, unaandika nywila halafu kimya. Tovuti haifunguki, hifadhidata haiitiki, na vidole vinawasha kubonyeza kitufe cha kuzima.

Nakuomba usubiri. Nilipoanza kazi hii niliizima na kuiwasha upya seva moja mara tatu ndani ya wiki moja, na kila mara nilifuta ushahidi kwa mkono wangu. Ilipoganda mara ya nne nilisoma kilichoandikwa na kerneli, yaani kiini cha Linux, na jibu lilikuwa mstari mmoja tu.

Hiyo ping inayojibu ni dalili ya kwanza, usiipuuze. Ping hujibiwa na kerneli yenyewe, bila kuhitaji programu nyingine yoyote. SSH inahitaji kuanzisha mchakato mpya, yaani programu inayoendeshwa, na mchakato mpya unahitaji kumbukumbu. Kwa hiyo moja ikijibu na nyingine ikikwama, kerneli iko hai, ila kuna kitu hakipatikani. Mara nyingi kitu hicho ni nafasi kwenye RAM.

Hatua ya kwanza ni kuingia. Kama ulikuwa na dirisha la terminali lililokwisha kufunguka, litumie hilo, usilifunge. Kama hulina, nenda kwenye konsoli ya mashine. Ikiwa hata hapo hapaandikiki, bonyeza Alt, SysRq na herufi f kwa pamoja. Kerneli itachagua mchakato mmoja unaokula kumbukumbu nyingi na kuuua, nawe upate pa kupumulia. Mifumo mingi huja ikiwa imefunga baadhi ya vitufe hivi, kwa hiyo kagua mapema, seva ikiwa nzima, kwa amri hii:

sysctl kernel.sysrq

Ukiona 1, vyote viko wazi. Ukiona 0, vyote vimefungwa. Ukiona namba nyingine, ni baadhi tu, na herufi f huenda haimo.

Hatua ya pili, soma logi za kerneli. Kama seva bado haijawashwa upya, andika dmesg -T. Kama mtu ameshaiwasha upya, andika:

journalctl -k -b -1

Hiyo -1 inakupa maneno ya kerneli kutoka uwashaji uliopita. Itafanya kazi tu kama logi zinahifadhiwa kwenye diski, ndani ya /var/log/journal. Kama folda hiyo haipo, itengeneze leo.

Tazama skrini. Tunatafuta mistari ya aina tatu. "Out of memory: Killed process" maana yake RAM ya mashine nzima iliisha na kerneli ikaua mchakato. "Memory cgroup out of memory" ni jambo tofauti kabisa: mashine ina nafasi, ila huduma moja imegonga kikomo ilichowekewa. Wa tatu ni "blocked for more than 120 seconds", yaani mchakato umesubiri zaidi ya dakika mbili bila kuamshwa. Huo peke yake hauthibitishi kwamba tatizo ni kumbukumbu. Diski mbovu nayo huuleta. Usihukumu bado.

Hatua ya tatu, pima. Andika free -h na uangalie safu ya available, siyo ya free. Linux hutumia RAM iliyolala kuhifadhi kache ya mafaili, kwa hiyo free kuwa ndogo ni kawaida. Nimeona watu wakinunua RAM kwa sababu ya safu hiyo moja.

Kisha:

vmstat 1

Mstari wa kwanza uruke, ni wastani tangu seva iwashwe. Inayofuata ndiyo yenye habari. Safu ya si inaonyesha kinachorudi kwenye RAM kutoka kwenye swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM, na so inaonyesha kinachotoka RAM kwenda swapu, kila sekunde. Zote mbili zikipanda kwa pamoja na zisishuke, seva inahamisha kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, zilezile huku na huku badala ya kufanya kazi. Usidhani ukiondoa swapu utapona. Bila swapu, kerneli huanza kutupa kurasa za programu zenyewe na kuzisoma tena kutoka diskini, na seva inaganda vilevile.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki:

cat /proc/pressure/memory

Kipo tangu kerneli 4.20, ingawa mifumo mingine inataka uongeze psi=1 wakati wa kuwasha. Angalia mstari wa full, pale penye avg10. Namba hiyo ni asilimia ya muda, ndani ya sekunde kumi zilizopita, ambapo kazi zote zilizotaka kwenda zilikuwa zimekwama kwa pamoja zikingoja kumbukumbu. Ikiwa 40, basi sekunde nne kati ya kumi hakuna kilichofanyika.

Hatua ya nne ni kujua ni mpaka upi. Anza na wa huduma, maana ndio rahisi:

systemctl show jina-la-huduma -p MemoryHigh -p MemoryMax

MemoryMax ikigongwa, na kerneli ikashindwa kurudisha nafasi, mchakato unauawa na unaliona hilo kwenye logi. MemoryHigh haiui. Inaibana huduma na kuipunguza kasi, na huduma inaweza kuonekana imeganda bila mstari wowote wa kifo. Soma faili la memory.events ndani ya folda ya huduma hiyo chini ya /sys/fs/cgroup. Hesabu ya high ikikua mbele ya macho yako, umeshapata mhusika.

Kama sivyo, angalia kumbukumbu ya kerneli yenyewe:

grep -E 'Slab|SReclaimable|SUnreclaim' /proc/meminfo

Hii haionekani kwenye top wala ps, ndiyo maana jumla ya michakato haifikii RAM iliyotumika. SReclaimable kubwa si ya kuogopesha, kerneli inaweza kuirudisha. SUnreclaim inayopanda siku baada ya siku bila kushuka inaashiria uvujaji, mara nyingi kwenye dereva au moduli. Fungua slabtop -s c uone jina lililo juu.

Sasa tufike pale panapowachanganya wengi. Kerneli ina alama tatu za nafasi iliyobaki wazi: high, low na min. Nafasi ikishuka chini ya low, anaamshwa mfagiaji anayeitwa kswapd, afanye usafi pembeni huku wengine wakiendelea na kazi. Ikishuka chini ya min, kila mchakato unaotaka nafasi unashikishwa ufagio wenyewe, unasimamisha kazi yake na kufagia. Hapo ndipo seva inapoganda. Kama mzigo wako huja kwa mafuriko, umbali kati ya low na min ni mfupi mno, na kswapd huamka wakati nyumba imeshajaa.

Dawa ni kuupanua umbali huo. Thamani ya kawaida ya vm.watermark_scale_factor ni 10, yaani asilimia 0.1 ya RAM. Mimi huanza na 100, ambayo ni asilimia 1. Fungua faili /etc/sysctl.d/90-kumbukumbu.conf, andika:

vm.watermark_scale_factor = 100

Hifadhi, kisha sysctl --system. Hakuna haja ya kuwasha upya.

Utakutana na ushauri wa kupandisha vm.min_free_kbytes. Kuwa mwangalifu sana. Ukiiweka juu kupita kiasi, mashine inaweza kuishiwa kumbukumbu papo hapo, na michakato ikaanza kuuawa huku ukitazama.

Neno la haraka kuhusu vm.overcommit_memory. Ikiwa 2, kerneli haitoi ahadi za kumbukumbu kwa programu zaidi ya swapu pamoja na asilimia 50 ya RAM, isipokuwa umebadilisha. Programu zitalia "Cannot allocate memory" huku free ikionyesha nafasi tele. Linganisha Committed_AS (ahadi zilizotolewa) na CommitLimit (kikomo chake) ndani ya /proc/meminfo.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kisha, saa ya mzigo mkubwa, fungua madirisha mawili: moja lenye vmstat 1, jingine:

watch -n 1 cat /proc/pressure/memory

Andika full avg10 ya kabla na ya baada. Ikiwa haijashuka, ondoa ulichobadilisha na urudi hatua ya nne.