Kifungua kinywa cha mkimbiaji: kutoka Tanga mpaka Moshi bila tumbo kuchafuka

Haya, asalaam aleikum, hamjambo nyote. Leo hatukaangi kitu kwa mafuta. Najua kwa mtu wa Tanga hiyo si habari njema, lakini nivumilieni. Nawaonyesha chakula ninachofunga ninapokwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, kukimbia ile nusu, kilomita 21.

Kabla sijagusa unga, tazameni ratiba, maana ratiba ndiyo inayoamua mapishi. Napika Ijumaa usiku hapa nyumbani. Jumamosi napanda basi stendi ya Kange: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, ndiyo tuingie Moshi. Nalala gesti, na gesti haina jiko la mgeni kupikia. Jumapili saa kumi na nusu alfajiri nakula, na saa hiyo hata mama ntilie hajawasha mkaa. Kwa hiyo chakula hiki kitakaa siku moja na nusu, na saa kadhaa za muda huo kiko ndani ya basi lenye joto la Same.

Mwaka wangu wa kwanza sikuyapigia hesabu hayo. Nilibeba mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi, pamoja na mahamri ya nazi, kama mtu anayekwenda harusini. Jumapili nafungua kopo, mkate unavutika kama ulimbo na harufu yake togwa tupu. Nikautupa, nikala mahamri manne na chai ya maziwa. Kile kilima cha njia ya mbio, cha kuelekea Mweka, mnakijua wenyewe. Sikukikimbia. Nilikipanda nimeshika tumbo, namuuliza kila mtu choo kiko wapi.

Basi sheria ya leo ni moja: nazi inabaki nyumbani. Tui linachacha upesi kwenye joto, hilo kila mpishi wa pwani analijua. Lakini hata lisipochacha, lina mafuta mengi, na mafuta yanakaa tumboni muda mrefu. Ukianza kukimbia, damu inakimbilia miguuni, tumbo linaachiwa kidogo, na lile shehena lako limekaa palepale linakutikisa.

Tunaanza na maandazi ya kuoka. Sogeza kamera hapa, mwanangu. Huyu anayeshika kamera ni mpwa wangu, mkisikia mtu anatafuna ni yeye.

Unga wa ngano vikombe vitatu. Sukari vijiko vinne vya chakula. Chumvi nusu kijiko cha chai, usiiache, keshokutwa utatoka jasho. Hamira kijiko kimoja cha chai. Iliki nimetwanga punje sita, hiyo ni ya kujiliwaza tu. Mafuta kijiko kimoja cha chakula, basi. Maji ya uvuguvugu kikombe kimoja, unamimina kidogo kidogo, maana unga wa leo si unga wa jana. Ukichovya kidole usikie joto kama la maji ya kumuogeshea mtoto. Yakiwa ya moto zaidi unaua hamira.

Kanda dakika kumi. Mtaona donge linaanza kuachana na bakuli lenyewe. Ukilibonyeza kwa kidole, shimo linarudi polepole. Likifika hapo, funika kwa kitambaa kibichi, liache liumuke. Kwa joto letu hili saa moja inatosha. Lisipite mno, litakuwa chachu.

Sasa gawa matonge kumi na mawili. Kwa nini kumi na mawili? Kwa sababu ukigawa hivyo kila andazi linabeba kati ya gramu 25 na 30 za wanga, na hesabu ya alfajiri inakuwa rahisi. Nitairudia.

Wenye oveni, washeni oveni. Mimi natumia sufuria nzito na mkaa. Ndani ya sufuria naweka mchanga mkavu, kina cha vidole viwili, juu yake sinia dogo nililopaka mafuta. Pangeni matonge msiyabananishe. Funika, halafu palieni: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Watu wengi hufanya kinyume, ndiyo maana mikate yao inaungua kitako huku juu imepauka kama mgonjwa. Dakika ishirini, fungua uchungulie. Tazama, rangi kama ganda la korosho. Gonga chini kwa kidole, likitoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani limeiva.

Sasa hapa ndipo wengi mnapoharibu. Msifunge yakiwa ya moto! Panga kwenye ungo, yapoe kabisa, ikibidi lala, uyafunge asubuhi. Ukiyafunga na joto lake yanatoa jasho, jasho linazaa ukungu. Kisha yafunge kwa kitambaa safi cha pamba, ndiyo yaingie kwenye kopo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata kabla ya hapo haikuwa rafiki wa mkate.

Pishi la pili ni uji. Najua, mtu atauliza uji unasafirije. Unasafiri mkavu.

Chukua unga laini wa mchele, vikombe viwili. Weka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, kaanga unga bila mafuta, na mkono usitoke kwenye mwiko. Dakika kumi za mwanzo hakuna kinachotokea, utadhani nimewadanganya. Halafu ghafla unasikia harufu, kama bisi. Rangi inageuka kidogo tu, kama mchanga wa ufuo wetu wa Raskazone ulioloa. Hapo epua upesi, mimina kwenye sahani, maana kikaango bado kinaendelea kupika. Ukipoa changanya na sukari vijiko vitatu vya chakula, chumvi kidogo, tangawizi ya unga ukipenda. Mimi tangawizi naipenda, ila kabla ya mbio sizidishi. Tia kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza.

Ukifika gesti usiku, muombe mhudumu akujazie chupa ya chai maji yanayotokota. Sisemi ya moto, nasema yanayotokota, uyaone mwenyewe yakibubujika. Kabla ya kuyatia, isuuze chupa kwa maji ya moto mengine, la sivyo ubaridi wa chupa utakula joto lako. Alfajiri weka vijiko vinne vya unga kwenye kikombe, ukoroge kwanza na maji baridi ya kunywa kidogo usifanye madonge, ndipo umimine ya moto huku unakoroga. Hautakuwa mzito kama wa jikoni. Unanyweka, na tumbo linaupokea.

Kwa nini mchele na si mtama au uwele? Siku nyingine zote kunyweni uji wa mtama, ni chakula kizuri. Lakini makapi yake yanasukuma tumbo, na asubuhi ya mbio hutaki kusukumwa. Ndiyo maana hata maharage ya Jumamosi usiku nayakataa, hata wanikaribishe vipi.

Haraka haraka sasa. Ndizi: nunua soko la Mgandini Ijumaa zikiwa zimeanza tu kuwa za njano, zitaiva njiani, na uzipakate mwenyewe, usimpe konda atie kwenye buti. Tende: toa kokwa, bonda na karanga kiganja kimoja tu, viringisha vidonge. Mayai ya kuchemsha siyabebi kwa safari hii. Bila friji, siku nzima ndani ya basi, hapana. Machungwa ya Muheza mtauziwa dirishani, nunueni, lakini kuleni baada ya mbio.

Hesabu niliyoahidi. Saa mbili kabla ya kuanza, wengi wetu tunahitaji gramu moja mpaka mbili za wanga kwa kila kilo ya mwili. Mimi nina kilo 60, kwa hiyo 60 mpaka 120. Maandazi matatu ni kama 80, ndizi moja kama 25, tayari nimepita katikati. Uji wa kikombe ukiongezeka, naacha andazi moja. Tunakula si kwa sababu ya njaa tu: usiku kucha ini limekuwa likitoa sukari yake kuulisha mwili wakati umelala, asubuhi ghala lake limepungua.

Wanaofunga Ramadhani hawatashangaa kula saa hiyo. Ni daku, tofauti yake unavaa raba. Na kama daku, ukichelewa kuamka huwezi kufidia kwa kula haraka. Ukiwa umebakiwa na nusu saa, achana na andazi, tafuna vidonge viwili vya tende na maji.

Ila msiende kujaribu haya Moshi. Jumapili mojawapo, wiki kadhaa kabla, amka saa ileile, kula vilevile, uji wa chupa ya chai na kila kitu, kisha ukimbie Raskazone kilomita kumi na tano. Tumbo likilalamika, utakuwa karibu na choo chako. Punguza kitu kimoja, Jumapili inayofuata ujaribu tena. Mimi nilikuja kugundua kwamba kinachonisumbua hata bila mahamri ni maziwa kwenye chai, kwa hiyo siku hiyo nakunywa chai ya rangi.

Haya, yamepoa. Nayahesabu mbele yenu: moja, mbili, tatu… tisa. Nilioka kumi na mawili. Mpwa wangu, zima kamera uje hapa.