Lebo za poliesta: namna ya kufanya wino ushike usibanduke

Habari za asubuhi kutoka Mwanjelwa, Mbeya. Leo tunaandaa poliesta, ile plastiki nyembamba ya lebo za chupa za asali. Ikitoka kwenye rola hivi hivi, wino unaikalia juu juu tu.

Kata vipande, vaa glavu. Hilo mnalijua, twende.

Pangusa kwa alkoholi ya isopropili, upande mmoja kwenda mwingine, usizungushe kitambaa. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, iacheni. Sogea karibu na kamera: hiki ni kipande cha poliesta nene, haikuvutwa ikatanuka kiwandani. Nadondosha asetoni... subirini... mnaona? Pamekuwa peupe kama maziwa, na hapatarudi. Molekuli zimejipanga upya. Iliyovutwa inastahimili zaidi, lakini kazi ya mteja siifanyii majaribio.

Sasa ikauke. Ikauke kabisa! Alkoholi inashika moto, na mashine inayofuata inatoa cheche. Julai hii kwa baridi yetu inachelewa, vumilieni. Madirisha wazi, maana mashine inatoa pia gesi ya ozoni, si nzuri kifuani.

Hii ndiyo mashine yenyewe, plazima ya mkononi. Ule mwanga wa zambarau ni hewa inayopasuliwa na umeme. Oksijeni yake inajishikiza kwenye ngozi ya juu ya poliesta, ndani haifiki. Ipitishe taratibu, usigande sehemu moja, ukizidisha ngozi inadhoofika na... aa, umeme umekatika. Ngoja. Umerudi. Mstari huu naurudia wote.

Kipande cha majaribio, tone la maji. Kushoto sijapitisha: limeinuka kama mgongo wa kobe. Kulia limetandaa. Hapo roho yangu inatulia.

Nisikilizeni hapa: ukishapitisha plazima, usifute tena. Si kwa alkoholi, si kwa kidole. Niliwahi kufuta lebo mia mbili nikidhani naongeza usafi, wino wote ukang'oka kwa mteja wa Tukuyu. Usifute! Na uchape siku hiyo hiyo, kwa sababu nguvu ile hupungua siku hadi siku.

Chapa, acha ikauke, bandika selotepu, vuta kwa nguvu. Tazama selotepu: haina hata doa.

Poliesta ya rola nauza kwa mita, andikeni oda hapo chini. Plazima sikupitishii, ipitishe mwenyewe, asubuhi ya kuchapa.