Ukuta Unaotaka Kuanguka: Maana na Asili ya Neno "Imminent"

Wazee wangu, walimu wenzangu, mabibi na mabwana, assalaam alaykum.

Neno nililoombwa kulizungumzia jioni hii ni la Kiingereza, nalo ni "imminent", ambalo twalikuta magazetini na katika matangazo ya tahadhari kila jambo zito linapokaribia kutukia. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa tangazo la maneno machache, nilitafsiri ili libandikwe kwenye nyumba ya kale katika mtaa mmoja wa hapa Lamu. Lilionya juu ya "imminent danger", nami nikaandika "hatari inayoweza kutokea". Tafsiri ile ilikuwa mbovu. Jambo linaloweza kutokea laweza pia lisitokee, leo wala mwakani, na watoto wa madrasa waliendelea kupita chini ya ukuta ule asubuhi na jioni, kwa kuwa hatari ya namna hiyo imo kila mahali.

Neno hili liliingia katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 16 kutoka Kilatini, ambako kitenzi "imminere" kilikuwa na maana ya kuinamia, yaani kutokeza juu ya kitu kilichoko chini. Virgil, mshairi wa Roma, alikitumia kwa kilima kinachouinamia mji wa Carthage; kisha, katika utenzi huohuo wa Aeneid, akakitumia kwa jabali jeusi linalowainamia wakosaji huko kuzimu, ambalo kila saa lataka kuporomoka wala haliporomoki. Katika jabali lile ndimo ninamoiona safari nzima ya neno: lilikuwa neno la mahali kabla halijawa neno la wakati, na kilichokuwa juu ya kichwa kikawa kilicho karibu kutukia.

Mtu wa Lamu hana haja ya kwenda mbali kuyaona haya. Mna mawikio katika mitaa yenu, vyumba vilivyojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba na nyumba, na apitaye chini yake huzihesabu boriti za mikoko juu ya kichwa chake. Wikio zima hutupa kivuli tu. Lakini mvua ya masika ikipenya kwenye chokaa mwaka baada ya mwaka, ukuta wa matumbawe hufura katikati, ukaanza kulala upande wa njia, na hapo kuinamia na kutisha huwa jambo moja. Kwa Kilatini pia mambo haya mawili yako pamoja: neno "minae" lilitaja vitisho, na likataja vilevile vilele vinavyotokeza juu ya ukuta wa ngome. Humo ndimo lilimotoka "menace", tishio, kwa kupitia Kifaransa. "Eminent", ambalo wanafunzi wengi hulichanganya na neno letu, ni la ukoo huohuo, ila lenyewe husifu mtu aliyetokeza juu ya wenzake.

Nduguye wa karibu kwa maana ni "impending", litokalo katika kitenzi cha kuning'inia, ambacho Cicero, mwandishi na msemaji wa Roma, alikitumia aliposimulia habari za Damocles, aliyeketi karamuni chini ya upanga ulioning'inizwa kwa unywele wa farasi.

Sasa tutazame Kiswahili. Sisi wakati ujao twauleta kwa njia ya miguu: twasema mwezi ujao, twasema Ramadhani inabisha hodi, masika yako mlangoni. Kinachokuja hutukabili usoni, kama mgeni. Kwa hiyo "hatari iliyo karibu", ingawa ni sahihi kuliko nilivyoandika mimi, hupima masafa tu, na hauusikii ule uzito ulio juu ya kichwa.

Tunacho, hata hivyo, kitenzi ambacho nakienzi sana, nacho ni kutaka. Jua lataka kuchwa. Chungu chataka kufurika. Mjamzito ataka kujifungua. Jua halina moyo wala chungu hakina matamanio, bali twasema hivyo sababu zote zinapokuwa zimekwisha kukamilika, na lililobaki ni tukio lenyewe. Kuweza hakusemi hivyo. Kutaka ndiko kunakosema, na ndiko Virgil alikokuwa akikueleza kwa jabali lake.

Sikufundishwa haya chuoni. Nilikwenda kulitazama tangazo langu baada ya mvua, nikamkuta bibi mmoja wa mtaa ule amesimama kizingitini pake, akiwaelekeza watoto wazunguke njia ya nyuma. Hakulisoma tangazo. Aliniashiria juu, mahali ambapo chokaa ilikuwa imekwisha kubanduka na udongo ukidondoka kidogokidogo, akaniambia, "Ukuta huu wataka kugwa, mwanangu."

Siku ile ile niliomba ubao mwingine, nikaandika: "Ukuta huu unataka kuanguka. Usipite chini yake."